Joto la Tanuu: Chokaa ya Mbweni na Kipimo cha Moto

Chokaa iliyoshikanisha mawe ya majengo ya kale ya Mbweni ilitoka katika moto ambao kipimajoto cha kawaida kisingeweza kuukaribia. Zebaki huchemka kwenye nyuzijoto 357 za Selsiasi, na bomba la kioo linaloibeba hulainika muda si mrefu baada ya hapo. Jiwe la tumbawe nalo haligeuki kuwa chokaa sawasawa mpaka joto lifikie karibu nyuzijoto 900. Kwa mamia ya miaka mafundi wa Unguja waliupata moto huo na kuutambua kwa macho, kwa wingi wa kuni na kwa muda. Namba yake ilipatikana baadaye sana, kwa chombo cha nyaya mbili kiitwacho themokapo. Kilianza kufanya kazi ya kutegemewa katika miaka ya 1880, miaka ileile ambayo misheni ya Mbweni ilikuwa ikijenga kwa mawe na chokaa. Aliyekikamilisha alikuwa mtaalamu wa chokaa na saruji.

Ujenzi wa mawe na chokaa ni wa kale katika pwani hii. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua msikiti wa matumbawe wa karne ya 10. Katika Unguja yenyewe, msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kikufi yaliyochongwa juu ya tumbawe, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Kilwa ilijenga Husuni Kubwa mwanzoni mwa karne ya 14. Kila jengo la namna hiyo lilihitaji chokaa kwa udongo wa kujengea, kwa lipu na kwa sakafu ya dari, na chokaa yote hiyo ilichomwa karibu na ufuko, mahali penye mawe na kuni. Sehemu ndogo ya chokaa iliyo safi kabisa ilikwenda kwenye tambuu, pamoja na popoo. Kwa hiyo hata wasiojenga nyumba ya mawe waliijua chokaa njema kwa ulimi.

Mji Mkongwe wa leo ni zao la karne ya 19. Sayyid Said bin Sultan alipoifanya Unguja makao yake, biashara ya karafuu, pembe za ndovu na watumwa ilileta fedha, na fedha ikageuka kuta nene za mawe. Mwanawe, Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliongeza majumba makubwa: Beit al-Ajaib mwaka 1883, Marhubi upande wa kaskazini, na Chukwani upande wa kusini. Matanuu ya chokaa hayakupumzika katika miaka hiyo.

Mbweni iko kilomita chache kusini mwa Mji Mkongwe, juu ya ufuko unaotazama magharibi, na uwanja wa ndege wa Kisauni hauko mbali nayo. Mwaka 1871 Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, shirika la Kianglikana kutoka Uingereza, ilinunua shamba hapo. Baada ya mkataba wa Juni 1873 kufunga soko la watumwa la Unguja, Mbweni ikawa kijiji cha watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Waligawiwa viwanja, wakalima na wakafundishwa ufundi. Shule ya wasichana ya Mtakatifu Maria ilijengwa hapo, na Caroline Thackeray, aliyefika Unguja mwaka 1877, aliiongoza kwa miaka mingi. Kanisa la Mtakatifu Yohana lilisimamishwa katika miaka ya 1880. Jirani na kanisa hilo John Kirk, konseli wa Uingereza na mtaalamu wa mimea, alikuwa na nyumba na bustani ya kujaribia miche ya kigeni. Kirk alipoondoka Unguja, nyumba hiyo ikawa ya Thackeray. Shule imebaki magofu, kanisa bado linasaliwa, na kote kuwili anayetazama ukuta uliobanduka lipu huona kitu kilekile: mawe ya pwani yasiyo na umbo maalumu, yaliyolazwa katika udongo mwingi wa chokaa. Ukuta wa namna hii hauwezi kusimama kwa mawe peke yake. Nguvu yake imo katika chokaa, na ubora wa chokaa umo katika moto.

Tanuu la pwani halikuwa jengo la kudumu. Magogo yalipangwa ardhini kwa duara, tabaka juu ya tabaka, ncha zikielekea katikati, na katikati pakaachwa tundu wima kama bomba la moshi. Juu ya rundo hilo yalimwagwa mawe ya tumbawe yaliyovunjwavunjwa. Magogo ya mnazi uliozeeka yalitumika sana, pamoja na mikoko na miti mingine. Moto uliwashwa kupitia lile tundu ili uanze kati na kwenda nje, na rundo zima likaporomoka polepole huku mawe yakishuka ndani ya makaa. Lilipopoa, kilichobaki kilikuwa kilima cha mawe meupe mepesi yaliyochanganyika na majivu. Kilima hicho kilinyunyiziwa maji au kikaachiwa mvua, kikafumuka kuwa unga, kisha kikakaa wiki nyingi, hata miezi, kabla ya kutumiwa. Muundo huu unastahili heshima kuliko unavyopewa. Tundu la kati huvuta hewa, duara huhifadhi joto, na mawe yaliyo juu hupata moto wote unaopanda.

Ndani ya rundo hilo jiwe hupoteza karibu nusu ya uzito wake. Tumbawe ni kalsiamu kaboneti, na joto linapotosha, kaboneti hiyo hugawanyika: kabonidayoksaidi hutoka kama hewa, na chokaa hai, yaani oksidi ya kalsiamu, hubaki. Kilo 100 za kaboneti safi hutoa kilo 44 za hewa na kilo 56 za chokaa hai. Kazi hiyo hula joto jingi. Jiwe linapogawanyika, joto linaloingia hutumika kuitoa hewa badala ya kulipandisha jiwe joto, kwa hiyo moyo wa jiwe hukaa karibu na kiwango kimoja kwa muda mrefu, hata moto wa nje ukiwa mkali zaidi. Hewa yote ikishatoka, joto la jiwe hupanda tena upesi. Moto ukizimika mapema, kiini cha jiwe hubaki tumbawe. Ukizidi sana na kuchukua muda mrefu, chembe za chokaa huungana na kuwa nzito, chokaa huyapokea maji kwa uvivu, na vipande vyake hufumuka baadaye ndani ya lipu na kuirusha kutoka ukutani. Nafasi kati ya makosa hayo mawili ni nyuzijoto mia mbili hivi.

Mchoma chokaa aliijua nafasi hiyo kwa rangi. Kitu chochote kigumu kikipata joto la kutosha hutoa mwanga, na rangi ya mwanga huo hufuata joto lake, liwe ni jiwe, chuma au chungu. Claude Pouillet, mwanafizikia wa Ufaransa, aliandika jedwali la rangi hizo mwaka 1836. Wekundu wa kwanza kuonekana gizani aliuweka kwenye nyuzijoto 525, wekundu uliofifia 700, wekundu wa tunda lililoiva 900, rangi ya chungwa 1100 hadi 1200, na weupe 1300. Kwa jedwali hilo, chokaa ilihitaji wekundu ulioiva, bila kufika rangi ya chungwa. Tanuu lililowaka usiku kucha lilikuwa na faida hapa, kwa maana jicho husoma rangi ya moto vizuri zaidi gizani kuliko chini ya jua la Unguja. Hata hivyo jicho la mtu mmoja si jicho la mwingine, moshi hubadilisha rangi, na rangi inayoonekana ni ya nje ya rundo tu.

Wafinyanzi wa Ulaya walikuwa wamejaribu njia nyingine kabla ya Pouillet. Josiah Wedgwood, mtengenezaji wa vyombo vya udongo wa Uingereza, alieleza mwaka 1782 kipimo chake cha vigae vidogo vya udongo vilivyosinyaa motoni. Kadiri kigae kilivyosinyaa ndivyo kilivyoteleza mbali zaidi katika mfereji mwembamba wenye alama. Kilifaa kulinganisha tanuu moja na jingine, lakini hesabu yake ya kubadili alama kuwa nyuzijoto ilikwenda juu mno, na udongo wa machimbo tofauti haukusinyaa sawasawa.

Njia ya nyaya ilianzia Berlin. Mwaka 1821 Thomas Johann Seebeck, aliyezaliwa Tallinn, aliunganisha vipande vya metali mbili tofauti, miongoni mwazo bismathi na shaba, vikawa mzunguko uliofungwa. Alipopasha moto kiungo kimoja, sindano ya dira iliyokuwa karibu iligeuka. Seebeck mwenyewe aliamini kwamba joto lilizalisha usumaku. Hans Christian Ørsted, ambaye mwaka mmoja tu kabla yake alikuwa ameonyesha kuwa mkondo wa umeme hugeuza sindano ya dira, aliona maana halisi: joto lilikuwa limeendesha umeme, na umeme ndio uliogeuza sindano.

Maelezo ya kazi hiyo ni mepesi, ingawa mara nyingi hutolewa kimakosa. Katika waya wa metali zimo elektroni zinazoweza kutembea. Ncha moja ikipashwa moto na nyingine ikabaki baridi, elektroni za upande wa moto huwa na nguvu zaidi na mtawanyiko wake hubadilika, hata tofauti ndogo ya volti ikajengeka kati ya ncha mbili za waya huo. Volti hiyo huzalika katika urefu wote wa waya unaopita kutoka joto kwenda baridi. Kiungo chenyewe hakiizalishi. Kazi ya kiungo ni kuzishika nyaya mbili pamoja katika joto moja. Waya mmoja peke yake hausaidii kupima, kwa sababu waya wa pili wa metali ileile uliotumika kurudi kwenye mita ungezalisha volti sawa na kuifuta ya kwanza. Metali mbili tofauti huzalisha volti zisizolingana, na tofauti yao ndiyo inayosomwa. Kutokana na hayo, themokapo haisomi joto la ncha yake ya moto moja kwa moja. Husoma tofauti kati ya ncha iliyo motoni na ncha nyingine iliyo kwenye mita. Hapo ndipo vipimo vingi huharibika.

Volti zenyewe ni ndogo. Jozi inayotumika zaidi leo, iitwayo aina ya K, ina waya wa nikeli na kromiamu upande mmoja na waya wa nikeli na alumini upande wa pili. Ncha ya moto ikiwa kwenye nyuzijoto 900 na ncha baridi ikiwa kwenye sifuri, jozi hiyo hutoa milivolti 37.3, sehemu moja ya 40 ya volti za betri ya tochi. Jozi ya platinamu safi na platinamu yenye asilimia 10 ya rodiamu, iitwayo aina ya S, hutoa milivolti 8.4 tu katika hali hiyohiyo, lakini hustahimili moto mkali zaidi na hubadilika kidogo sana kwa miaka.

Jozi hiyo ya platinamu ndiyo iliyofungua mlango wa matanuu. Antoine César Becquerel alikuwa amependekeza mapema, katika miaka ya 1820, kutumia nyaya za platinamu na paladiamu kupimia joto kali, lakini vipimo vya waliomfuata vilipishana na wengi wakakata tamaa. Henry Le Chatelier, aliyezaliwa 1850 na kufundisha katika Shule ya Migodi ya Paris, aliirudia kazi hiyo katikati ya miaka ya 1880 akiwa na haja maalumu. Alikuwa akichunguza jinsi chokaa na saruji zinavyoshika maji na kuwa ngumu, utafiti aliouwasilisha kama tasnifu mwaka 1887, na asingeweza kwenda mbali bila kujua joto la tanuu. Alichagua aloi ya platinamu na rodiamu kwa sababu haikubadilika tabia baada ya kupashwa moto mara nyingi. Aliisoma kwa galvanomita mpya ya d'Arsonval, yaani mita ya mkondo mdogo wa umeme, na akaihakiki kwa mambo ambayo joto lake lilijulikana, kama kuchemka kwa salfa na kuyeyuka kwa dhahabu. Mwaka 1886 alikitumia chombo hicho kwa swali lililohusu kila mchoma chokaa duniani: tumbawe na mawe mengine ya chokaa hugawanyika kwa joto gani? Jibu lake lilikuwa kwamba hewa inayotoka hushinda msukumo wa anga kwenye nyuzijoto 812.

Namba hiyo haikudumu. Mwaka 1910 John Johnston alichapisha vipimo vilivyofanywa kwa uangalifu zaidi na kupata nyuzijoto 898, namba inayotumika mpaka leo. Tofauti ya nyuzijoto 86 ni kubwa kwa anayechoma chokaa: kwa namba ya kwanza angezima moto akiamini kazi imekwisha, na angetoa mawe yenye viini vibichi. Usahihi wa themokapo hutegemea viwango inavyohakikiwa navyo, mahali ncha ilipowekwa, na muda iliopewa kulingana na jiwe.

Huko Mbweni mwaka 1886 hakuna aliyesubiri namba ya Paris. Askofu Edward Steere wa misheni hiyo ya Kianglikana, aliyefariki mwaka 1882, alikuwa tayari ameonyesha kiasi gani mafundi wa Unguja wangeweza kufanya na vifaa vya pwani alipojenga kanisa kuu la Mkunazini mahali pa soko la watumwa. Msingi wake uliwekwa siku ya Krismasi 1873. Paa lake ni kuba refu lisilo na boriti, lililotengenezwa kwa vipande vya tumbawe vilivyopondwa na kuchanganywa na saruji ya Portland kutoka ng'ambo. Mchanganyiko huo ulikuwa dalili ya mambo yajayo. Saruji huchomwa kwa joto kali kuliko chokaa, karibu nyuzijoto 1450, na moto wa namna hiyo hauongozwi kwa jicho na rundo la magogo.

Themokapo ikiingizwa katika tanuu la Unguja hukutana kwanza na joto la kisiwa chenyewe. Majedwali ya volti huandikwa kwa kudhani kwamba ncha baridi iko kwenye nyuzijoto sifuri, na maabara za zamani ziliizamisha ncha hiyo katika barafu iliyopondwa na maji. Mchana wa Unguja hufika nyuzijoto 30. Ncha ya moto ikiwa kwenye 900 na mita ikiwa kivulini kwenye 30, volti zinazofika kwenye mita ni milivolti 36.1, na msomaji asiyefanya masahihisho angesoma nyuzijoto 870 katika jedwali. Angedhani tanuu lake halijafika joto la kuchomea, na angeongeza kuni bure. Mita ikikaa karibu na moto, ikapata nyuzijoto 50, kosa huongezeka. Mita za kisasa zina kihisi kidogo kinachopima joto la ncha baridi na kuongeza kiasi kinachopungua, lakini kihisi hicho husahihisha joto la mahali kilipo tu. Ikiwa nyaya za themokapo zimeungwa njiani na waya wa shaba wa kawaida karibu na moto, joto la kiungo hicho haliingii katika hesabu.

Jambo la pili ni hewa ya moto wa kuni. Ndani ya rundo la magogo oksijeni ni haba, na katika joto la namna hiyo kromiamu ya waya wa aina ya K huliwa polepole huku nikeli ikibaki, hata waya ukasoma chini ya joto halisi. Chumvi ya bahari iliyomo katika tumbawe huongeza uharibifu. Kwa hiyo nyaya huingizwa katika bomba la kauri lililozibwa ncha, na hubadilishwa kabla hazijachoka. Jambo la tatu ni mahali pa kuweka ncha. Iliyo karibu na tundu la kati itasoma moto wa makaa. Iliyoingizwa ndani ya jiwe kubwa lililotobolewa itaonyesha kile ambacho jicho haliwezi kuona: joto la moyo wa jiwe likipanda, likisimama karibu na nyuzijoto 900 wakati hewa inatoka, kisha likipanda tena kazi inapokwisha. Kusimama huko na kupanda tena ndiyo habari mchoma chokaa anayoihitaji kuliko namba yoyote ya juu kabisa ya moto.

Kwenye pwani ya Afrika Mashariki chombo hiki kilipata makazi yake katika saruji. Kiwanda cha Bamburi, kaskazini mwa Mombasa, kilianza uzalishaji mwaka 1954 kwa kuchimba mawe ya matumbawe ya kale, na kiwanda cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kilifuata mwaka 1966. Katika matanuu yao marefu yanayozunguka, themokapo hupima joto la hewa inayoingia na kutoka na la hatua za kupasha mawe kabla ya moto mkuu. Sehemu ya moto mkuu wenyewe, ambayo ni kali mno kwa nyaya za kawaida na haina mahali pa kuzishika, hupimwa kwa vyombo vinavyosoma mwanga wake kutoka mbali. Kanuni ya vyombo hivyo ni ileile ya jicho la mchoma chokaa, ila sasa ina namba.

Saruji ya viwandani iliposhuka bei, matanuu ya Unguja yalipungua, na kuta za kale zikaanza kuzibwa kwa saruji. Madhara yalionekana baada ya miaka michache. Ukuta wa mawe ya pwani hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa kupitia chokaa, ambayo ina vitundu na hukubali kunyumbuka kidogo. Lipu ya saruji huuziba unyevu ndani, chumvi hujikusanya nyuma yake, na mawe laini huliwa huku uso wa nje ukionekana mzima. Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 mji ukaingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Ukarabati wa jengo la Zahanati ya Kale, uliofanywa na taasisi ya Aga Khan katika miaka ya 1990, ulirudisha ufundi wa chokaa mikononi mwa vijana. Kuta za Mbweni zinahitaji chokaa ileile.

Chokaa ya ukarabati hupimwa kwa vitu vitatu, na themokapo hugusa kimoja tu. Jiwe lililochomwa vizuri ni jepesi lishikwapo, maana karibu nusu yake imekwenda na hewa. Likimwagiwa maji hufumuka upesi na kutoa joto linaloweza kuyachemsha maji hayo. Na unga wake ukichekechwa huacha mabaki machache. Baada ya kupakwa ukutani, chokaa hiyo huanza kuvuta kabonidayoksaidi kutoka hewani na kurudi polepole kuwa kaboneti, yaani jiwe lilelile lililoingia motoni, kazi inayochukua miezi katika uso wa lipu na miaka mingi katikati ya ukuta mnene. Vipande visivyofumuka kwenye maji hupasuliwa. Vyenye kiini cha tumbawe hurudishwa katika tanuu linalofuata, na vilivyoungua kupita kiasi hutupwa, kwa kuwa hivyo ndivyo vitakavyofumuka ukutani baada ya fundi kuondoka.